Madaftari mawili: kisa cha mwanafunzi aliyekosa ibada

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kinachomilikiwa na taasisi ya dini, Tanga. Dini yenyewe siitaji, wala mwaka, wala kitivo, kwa sababu Tanga watu wanajuana. Ukisema mawili, la tatu wanalimalizia wenyewe. Mwanafunzi nimempa jina la Bahati. Ameyasoma haya kabla hayajatoka, akafuta sentensi mbili, mengine akaniruhusu. Nilikuwa mlezi wa darasa lake na mjumbe wa kamati ya nidhamu, kwa hiyo ninapotaja makosa ya chuo, yangu yamo humo humo.

Nawaandikia wenzangu: washauri wa wanafunzi, viongozi wa dini walioko vyuoni, na wahadhiri tunaopewa ulezi bila kufundishwa kulea.

Usuli

Mwongozo wa mwanafunzi wa chuo chetu unasema, ukurasa wa kwanza kabisa, kwamba tunalea mtu mzima: roho, akili na mwili. Naliamini neno hilo. Ndilo lililonifanya niombe kazi hapa. Ila kwa vitendo tulikuwa tumemgawa huyo mtu mzima vipande. Roho ilikuwa ya kiongozi wa kiroho, mwili wa zahanati, akili ya wahadhiri, na tumbo, kama naweza kusema hivyo, la ofisa wa mikopo. Kila mmoja na ofisi yake, faili lake na saa zake za kufungua mlango.

Ibada ya asubuhi huanza saa kumi na mbili na nusu, na ni ya lazima kwa wanafunzi wa dini ya chuo. Wa dini nyingine hawalazimishwi. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na chuo kinauheshimu. Waliolazimika wana rejista. Ukikosa mara tano mfululizo, jina lako linapelekwa kwa kiongozi wa kiroho. Ukifikisha kumi, unaandikiwa barua ya kujieleza.

Bahati alikuwa mwaka wa pili, shahada ya ualimu. Mtoto wa kwanza kati ya watano, kutoka wilaya ya bara, na wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Mwaka wa kwanza alikaa kiti cha mbele, alama zake nzuri, na mara kwa mara ndiye aliyesoma maandiko kwenye ibada. Likizo ya kuingia mwaka wa pili baba yake akafariki. Chuoni hakumwambia mtu. Mama yake ana maradhi ya miguu, shamba haliwezi.

Bahati alikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote wanaiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwa mtu mmoja anayejibana inatosha. Bahati alikuwa anatuma nyumbani kama 6,000 katika kila 10,000. Akaacha hosteli, akahamia geto Mikanjuni pamoja na mwenzake mmoja wa dini nyingine, godoro chini, jiko la mkaa nje ya mlango. Zilizobaki zilipoanza kutotosha, akatafuta kibarua cha usiku kwenye diko la Deep Sea, kubeba matenga ya samaki na barafu, kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri.

Hayo yote tuliyajua baadaye. Wakati yanatokea, hakuna aliyeyajua.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya tatu ya muhula jina lake likaanza kuonekana kwenye orodha ya waliokosa ibada. Wiki ya tano kiongozi wa kiroho, mtu mwema ninayemheshimu hadi leo, alimtaja mbele ya wote: tumwombee ndugu yetu Bahati, imani yake imepoa. Hakukusudia ubaya. Bahati hakuwepo, lakini habari ilimfika kabla ya saa nne asubuhi, na ilimfika imeshaongezwa chumvi, kwamba chuo kimemtangaza kuwa ameasi. Kabla ya hapo alikuwa akijikongoja kuja walau mara moja kwa wiki. Baada ya hapo hakuingia tena.

Wiki ya sita mhadhiri mmoja alimtoa darasani kwa kusinzia. Wiki hiyo hiyo nesi wa zahanati alimpa dawa ya kiungulia kwa mara ya pili, na akaandika kwenye kadi kwamba amepungua kilo nne tangu apimwe mwanzo wa mwaka. Ofisa wa mikopo naye aliulizwa na Bahati, mara mbili, kama awamu inayofuata ya bumu inaweza kuwahi. Kila mmoja alifanya kazi yake ipasavyo. Kiungulia kilipewa dawa, msinziaji alitolewa, na muulizaji alijibiwa kwa upole kwamba tarehe hazipo mikononi mwa chuo.

Wiki ya saba akaandikiwa barua ya kujieleza na kupewa siku saba. Hakujibu. Wiki ya nane kamati ilikaa, na pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kumsimamisha muhula mmoja. Wengi walikuwa wamekubali. Niliomba tusogeze uamuzi kwa wiki moja. Sikuwa na ushahidi wowote wa kumtetea. Nilikuwa tu namkumbuka mtu aliyekuwa anakaa kiti cha mbele, na sikuelewa amekwenda wapi.

Siku mbili baadaye mwenzake wa geto alinifuata ofisini. Hakuwa mwanafunzi wa darasa langu. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Bahati halali usiku. Akirudi asubuhi anaoga, anajisugua kwa ndimu mwili mzima, anaoga tena. Halafu hali. Nimemwambia aje kwako, anasema ataonekana analilia huruma."

Nikamuuliza kwani huwa anakula wapi. Akanielekeza kwa mama ntilie mmoja karibu na geto lao.

Nilikwenda mchana, wateja walipopungua. Yule mama hakunificha kitu. Alitoa daftari la mistari, jalada lake limelowa mafuta hadi karatasi zimekuwa za kung'aa, akafungua ukurasa wa Bahati. Kila mkopaji ana ukurasa wake. Nilisoma kutoka juu kushuka chini, na nakiri mikono ilinitetemeka. Mwanzo wa muhula: wali maharage, 1,500. Wali maharage. Wali maharage. Kisha chapati mbili na chai. Kisha chapati moja na chai. Wiki ya sita: chai. Chai. Halafu mstari wa mwisho, chai 300, na chini yake hakuna kitu. Tarehe ya mstari ule wa mwisho ilikuwa tarehe aliyopokea barua yetu.

"Mwalimu, huyu hajanitoroka," mama aliniambia. "Ana haya. Deni lenyewe elfu kumi na moja na mia nne. Mimi nimdai mtoto kwa hilo? Nilimwita akapita njia ya nyuma."

Nilimtumia Bahati salamu kwa mwenzake, tukutane Raskazone, ufukweni, Jumamosi alasiri, si ofisini. Alikuja. Alikaa mbali nami kidogo, upande ambao upepo wa bahari unatoka kwangu kwenda kwake, na mwanzoni sikuelewa kwa nini anahamahama. Nikamuuliza kwa nini ameiacha ibada.

"Sijaiacha, mwalimu. Siku nyingine nakuja, nasimama nje, kule kwenye mwarobaini. Nanuka samaki. Nitaingiaje nyumba ya Mungu hivi?"

Rejista yetu haikuwa na safu ya waliosimama chini ya mwarobaini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa afya, na tuliuweka mbele ya mengine yote. Nilimsindikiza zahanati siku ya Jumatatu. Nesi alitumia dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lenye maswali tisa na jumla ya alama 27; kuanzia 10 kwenda juu mtu anahitaji kuangaliwa zaidi. Bahati alipata 17. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo alinyamaza muda mrefu. Baadaye alituambia aliogopa polisi. Hofu hiyo haikutoka hewani: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na vijana wamelisikia hilo bila kusikia zaidi. Nesi alimweleza kwa utulivu kwamba kuwa na wazo si kosa, na kwamba karatasi ile haitoki kwenye kabati lake. Ndipo akajibu: siku kadhaa. Nesi hakushtuka, hakumhubiria. Alimuuliza maswali mengine ya wazi, akakubaliana naye nani atakuwa naye usiku ule, na kesho yake asubuhi akaenda naye Bombo, hospitali ya mkoa, kliniki ya afya ya akili, kwa kadi ya bima ambayo Bahati alikuwa hajawahi kuitumia nje ya zahanati yetu.

Uamuzi wa pili nusura tuukosee, na tungeukosea kwa wema. Karibu wajumbe wote walitaka aahirishe mwaka, aende nyumbani akapumzike. Lilikuwa jambo la huruma, na mimi mwenyewe nililiunga mkono. Aliyetuzuia ni ofisa wa mikopo, ambaye hakuwa mjumbe. Aliitwa tu kutoa maelezo. Alitukumbusha kwamba mwanafunzi akiahirisha masomo, mkopo unasimama. Bumu lile ndilo lililokuwa unga wa nyumbani kwao. Tungempeleka kijana mwenye sonona akakae kwenye nyumba yenye njaa, akijua njaa ile imeletwa na kupumzika kwake.

Tukatafuta njia nyingine. Kanuni zetu zinaruhusu mtihani maalumu kwa mwenye sababu ya kiafya, unaofanywa pamoja na wale wenye supu, yaani mitihani ya marudio. Alama zake za kazi za muhula zilikuwa zimefika 16 kati ya 40 katika masomo matatu, kiwango tunachodai ili mtu aingie kwenye mtihani. Hayo matatu angefanya na wenzake. Mengine matatu, kazi zilizobaki angezimalizia likizo na mtihani angefanya baadaye. Mkopo haukuguswa.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya ibada. Mjumbe mmoja alishikilia kwamba tatizo ni la imani, na kwamba tukimpeleka kliniki tunakiri kwamba maombi yameshindwa. Aliyemjibu ni kiongozi wa kiroho mwenyewe. Alitoa mfano wa Lutindi, kule milima ya Korogwe, mkoa huu huu wa kwetu. Mahali pale palianzishwa na wamisionari mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hadi leo ni hospitali ya kanisa, na wagonjwa wanapata dawa, wanafanya kazi za mikono, wanalima, na wanasali. "Watu wa dini wamefanya hivi mkoa huu kwa zaidi ya miaka mia," alisema, "na hakuna aliyesema Mungu ameshindwa. Mimi ndiye niliyelitaja jina la kijana huyu hadharani. Nipeni nafasi nikamwombe radhi." Alikwenda Mikanjuni mwenyewe, kwa miguu. Alipomuuliza kama angependa amsafishe jina mbele ya watu, Bahati alimwomba anyamaze tu, asitajwe tena kwa heri wala kwa shari. Jina lake halikutajwa tena.

Chakula tulikipanga kienyeji, na hapo tukajikwaa. Bahati alikataa msaada wa sanduku la wahitaji. Alisema kuna wenye shida kuliko yeye. Basi wahadhiri watatu tukamlipa mama ntilie deni lote na mwezi mmoja mbele, tukamwomba asiseme.

Nyumbani kwao ndiko mtandao wa dini ulikofanya kazi ambayo ofisi yoyote ya serikali ya wanafunzi isingeiweza. Kiongozi wa kiroho alimpigia mwenzake wa wilaya ile, naye akamfahamu mtu wa kijijini, na ndani ya siku nne mjomba wa Bahati, aliyekuwa hajafika pale tangu siku ya mazishi, akawa amekaa na dada yake wanazungumza. Aliwachukua watoto wawili wadogo.

Matokeo

Bahati aliacha kibarua cha usiku isipokuwa Ijumaa. Kliniki aliendelea nayo kwa miezi saba. Mitihani mitatu ya kwanza alifaulu, ile maalumu alifaulu miwili, mmoja akaubeba mwaka uliofuata. Alimaliza shahada na wenzake. Sasa anafundisha.

Mwezi wa pili wa mpango wetu aligundua nani anamlipia chakula. Alikasirika sana, wiki nzima hakupita kwa mama ntilie, na hali yake ilirudi nyuma. Nesi alituambia bila kutufichaficha kwamba tumeiharibu kazi yake. Niliomba radhi. Tukakubaliana atalipa, kidogo kidogo, akianza kazi. Amelipa yote.

Mdogo wake wa kike, wa kidato cha pili, aliacha shule katika zile wiki ambazo sisi tulikuwa tunahesabu mahudhurio. Mjomba alipofika ilikuwa imeshapita. Hajarudi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hakikuwa mfumo. Alikuwa kijana wa geto aliyesimama mlangoni, na mama mwenye daftari la mafuta. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu chuo kilikuwa na mfumo, tena wenye kumbukumbu nzuri. Nilipokuja kuyaweka madaftari mawili pamoja, rejista ya ibada na daftari la madeni, yalilingana karibu siku kwa siku: chakula kilivyoshuka ndivyo mahudhurio yalivyoshuka. Rejista ilimwona Bahati anazama kuanzia wiki ya tatu. Hakuna chombo kingine chuoni kilichomwona mapema kiasi hicho. Sisi tulikuwa tumeifundisha neno moja tu, "utoro".

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu waliosema, baada ya kisa hiki, kwamba tufute ibada ya lazima au tufute rejista. Chuo kisicho na dini kingependa kuwa na kitu kinachokuonyesha, kila asubuhi, nani ameamka na nani hakuamka. Kosa lilikuwa katika hatua inayofuata baada ya jina kuandikwa. Kwetu ilikuwa barua. Sasa jina la aliyekosa mara tano mfululizo linakwenda kwa mlezi wa darasa, naye anatakiwa kumwona mwanafunzi uso kwa uso ndani ya siku tatu, na swali la kwanza alilokatazwa kuuliza ni la ibada. Anaanza na usingizi na chakula. Barua inabaki, ila haitoki kabla ya mazungumzo.

La pili ni vile vipande. Kiungulia, usingizi darasani, kilo nne, swali la bumu, na nafasi tupu kwenye safu ya ibada vilikuwa kwenye mafaili manne, na vyote ni mtu mmoja. Tulianzisha kikao cha nusu saa kila Jumatatu: nesi, kiongozi wa kiroho, ofisa wa mikopo, mshauri wa wanafunzi, na mlezi mmoja kwa zamu. Nesi hasemi ugonjwa wa mtu. Anasema tu "huyu mngemtembelea". Kiongozi wa kiroho haleti aliyoambiwa kwa siri. Inatosha. Jina likitajwa na wawili kwenye chumba kimoja, linafuatiliwa. Wapo waliohofia kikao hiki kitageuka baraza la umbea, na hofu hiyo naiona ni ya haki. Ndiyo maana hakuna kinachoandikwa zaidi ya jina na nani atakwenda.

La tatu ni maombi ya hadharani. Katika jumuiya zetu kumtaja mtu kwenye maombi ni kumbeba, na wengi wanafarijika. Lakini kumwombea mtu kwa jina bila kumuuliza, tena kwa kuitaja dhambi unayomdhania, ni kumvua nguo mbele ya watu kisha kumwita aje. Sasa ruhusa inaombwa kwanza. Asiyepatikana anaombewa bila jina.

Msaada wa siri nao naufikiria bado. Tuliogopa kumdhalilisha, tukaishia kumfanya mjinga. Tungemkalisha siku ile ile, tukamwambia ni mkopo, angekubali. Alikuwa anakopa kwa mama ntilie kila siku na hakuona aibu hadi aliposhindwa kulipa. Heshima yake ilikuwa kwenye kulipa, na sisi tuliifuta kwa kalamu tukidhani tunafuta deni.

Lipo moja hatujalitatua. Rejista inawaona waumini wa dini ya chuo peke yao. Wanafunzi waliosamehewa ibada tumewasamehe pia kuonekana. Tumewaza mahudhurio ya vipindi, lakini darasa la watu 200 linasainiana. Tumewaza kuwaomba viongozi wa dini zao mjini, na wanafunzi wengine hawataki dini zao ziwafuate hadi chuoni, na ni haki yao. Suala limo kwenye ajenda ya kamati kwa muhula wa pili sasa.

Nilipomshukuru yule kijana wa geto kwa kuja ofisini, aliniambia kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe aliugua malaria, akalala ndani siku kumi na moja bila kukanyaga chuo. Nikamuuliza ni nani alikuja kumwangalia.

"Bahati," akasema.